Bakuli la Katikati

Jana mama alivunja bakuli kubwa la Nkambo, bibi yangu. Hakukusudia. Alikuwa ametoka sokoni na beseni yake ya samaki wakavu kichwani, umeme ulikuwa umeenda kama kawaida yake, na alipogeuka kutafuta kiberiti kiwiko chake kikaligonga pale juu ya meza. Lilianguka likatoa mlio mmoja tu, mfupi, kama mtu anayeitika bila kupenda kuitwa. Mama alisimama akaangalia chini. "Bon," akasema, "tutanunua ya plastiki." Kisha akaketi kitandani, akavua viatu, akaanza kusugua nyayo zake, na hatukuongea tena juu ya jambo lile.

Ni mimi niliyezoa vipande. Miaka hii yote nililijua bakuli lile kwa ngozi yake tu, ile ngozi ya njano inayong'aa kama kioo kilichoyeyushwa, yenye mistari miwili ya bluu kiunoni. Sikuwahi kuona ndani ya ngozi. Kumbe ndani lilikuwa udongo mkavu wa rangi ya biskuti, mkwaruzo mtupu, na nilipokisogeza kipande puani kilikuwa na harufu ya chachu. Unga wa wale waliolikandia kabla ya Nkambo ulikuwa umepenya kwenye nyufa ndogo ndogo ukakaa humo. Nilibaki nimechuchumaa na kile kipande mkononi mpaka miguu ikafa ganzi.

Nina aibu kidogo kuandika kurasa nzima juu ya bakuli. Wasichana wa darasa langu wakiandika, wanaandika juu ya mapenzi au juu ya kuondoka Likasi. Mimi darasani siongei hata nikijua jibu. Ninangoja mwalimu ageuke ubaoni ndipo ninalisema moyoni. Lakini kama wewe una umri wangu na ulilelewa na nkambo wako kwa muda, kwa sababu mama alikuwa mbali akitafuta maisha, labda hutanicheka.

Wakati ule mama alifanya biashara ya mpakani, Kasumbalesa, na zilipita wiki bila kurudi. Mimi nilikaa kwa Nkambo, mama yake mama, kule Panda, katika zile nyumba za zamani za kambi ya wafanyakazi, za matofali, zenye barza ndogo mbele na lupango, yaani ua, wenye mpapai nyuma. Vumbi la kule ni jekundu na linaingia kila mahali. Ukivua soksi mguu unabaki na soksi nyingine. Nkambo alikuwa mfupi, magoti yake mabovu, na aliongea polepole kana kwamba kila neno alilibeba mwenyewe kutoka kisimani. Alfajiri alikaanga vitumbula akaviuza barzani kwa wanaoenda kazini. Jua likipanda alikuwa amemaliza, mikono inanuka mafuta, macho mekundu kwa moshi wa makaa. Hapo alikuwa anaingia kwenye chumba cha nyuma na kufunga mlango.

Chumba cha nyuma hakikuwa na kitanda wala kiti. Kulikuwa na ubao mrefu juu ya matofali, na juu ya ubao vyombo ambavyo hakuna mtu aliyekula ndani yake. Mtungi wa maziwa wa rangi ya kahawia, unaong'aa kama mgongo wa mende. Chombo chenye kifuniko, kimefinyangwa kama peasi, tunda ambalo nililijua kwa kitabu tu. Na mabakuli mawili ya njano yenye mistari ya bluu, moja kubwa la kukandia unga, moja dogo la kutosha mayai mawili. Ukiinamia karibu uliona ngozi yao imejaa nyufa nyembamba kama kisigino cha bibi. Ukigonga kwa ukucha, kubwa lilijibu chini, dogo lilijibu juu.

Vilitoka Amerika. Nkambo alisema vilikuja ndani ya masanduku ya mbao yaliyojazwa majani makavu, pamoja na wake za wamisionari waliokaa upande wa Kambove, na yeye alikuwa msichana wa jikoni mwao. Kazi yake ilikuwa kuviosha. Mabakuli ya njano yalikuwa jamii moja, yanaingiliana, moja ndani ya lingine, na ukiyabeba hivyo hayatoi sauti. Siku wazungu walipoondoka kwa haraka, walipanga vyombo vyote barzani wakamwambia kila mwanamke wa kanisa achukue kitu kimoja. Nkambo alikuwa mdogo kuliko wote, akachagua wa mwisho, akapata lile bakuli dogo. Vingine vilitawanyika. Wenye navyo waliolewa, wakahama, wakaenda Panda, Kambove, vijijini, na yeye akatumia maisha yake yote kuvifuata.

Hakuwa na pesa za kuvinunua, basi alibadilishana. Alitafuta chombo kipya kinachong'aa, nyungu ya aluminiamu au beseni ya plastiki, akakitia kichwani, akanishika mkono, tukaenda. Alikuwa na ujanja mmoja tu. Hakuuliza mabakuli. Aliomba maji ya kunywa, kwa sababu ukiomba maji unaingizwa mpaka jikoni, na jikoni ndiko macho yake yalikotaka kufika. Mimi nilichukia safari zile. Nilichukia jua, nilichukia kukaa juu ya mikeka ya watu nisiowajua huku wakiniuliza "Weye haunaka mudomo?" Nilichukia zaidi kurudi mikono mitupu, Nkambo akisimama kila mara kushika magoti, na beseni ile ile kichwani.

Kilichokosekana kilikuwa bakuli la katikati. Dogo lilikuwa linacheza ndani ya kubwa, klo, klo, na kila liliposikika Nkambo alikunja uso kama mtu anayesikia mtoto akikohoa.

Tulilipata njia ya Kamatanda, kwa bibi mmoja mzee aliyeitwa Mama Ngoie. Nakumbuka beseni yetu siku ile ilikuwa nyekundu, na karatasi ya duka bado imebandikwa tumboni.

"Hodi ku nyumba."

"Karibuni. Munatoka wapi na hii jua?"

"Ku Panda. Mutupatie maji kidogo, mama, huyu mutoto anakauka."

Maji yalikuja katika kikombe cha bati. Nkambo alikunywa taratibu sana, macho yake yakitembea juu ya ukingo wa kikombe. Nyuma ya jiko kuku watatu walikuwa wameinamisha vichwa kwenye chombo kimoja chenye matope. Chini ya matope niliona mstari wa bluu. Nkambo aliuona kabla yangu, kwani aliacha kumeza.

"Hizi kuku zako ziko na bahati," akasema. "Zinakunywa mu bakuli ya bazungu."

"Ile? Iko nzito bure. Mutoto wangu aliivunja mudomo na mchi, tangu ile siku nikaipatia kuku."

"Unipatie. Minye nikuachie hii beseni."

Mama Ngoie aliangalia beseni, akaangalia karatasi ya duka, akamwangalia Nkambo kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Mama, weye uko muzima?"

"Niko muzima."

"Beseni mupya, kwa kintu ya kuku?"

"Eeh."

"Basi tufanye mbio, mbele ya akili yako kurudi."

Walicheka wote wawili wakishikana mikono. Nkambo alilifunga bakuli mgongoni kwa kikwembe, kama mtoto, maana aliogopa kujikwaa akiwa nalo kichwani. Njia nzima watu walimpa nafasi ya kupita wakidhani amebeba mjukuu, na mjukuu ni mimi niliyetembea nyuma kwa miguu yangu.

Nyumbani aliliosha kwa majivu na ndimu, akalifuta, akalitumbukiza ndani ya kubwa, kisha dogo ndani yake. Akainua yote matatu pamoja, akayatikisa. Kimya. Akaketi chini sakafuni, palepale, akabaki ameyapakata kama mtu aliyefika kutoka mbali sana.

Lakini alipokuwa akiosha, bakuli lilipinduliwa, na mimi niliona tumbo lake. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza, na ili unielewe inabidi nieleze jambo la sahani.

Kwetu, mtu akifa kwenye avenyu, yaani mtaa wetu, wanawake wanapita nyumba kwa nyumba kukusanya vyombo vya kilio. Hakuna anayekataa. Anayekataa, siku yake ikifika, watu watakula kwake mikononi. Na ili vyombo visipotee, kila mwanamke anapindua sahani zake na kutia alama chini kwa rangi ya kucha. Nkambo alikuwa na nukta moja nyekundu. Jirani alikuwa na mistari miwili ya bluu. Mwingine msalaba wa kijani. Kwa mtoto wa avenyu ile, alama chini ya sahani ni jina la mwenye sahani, hakuna maana nyingine.

Sahani zote za Nkambo zilikuwa na nukta nyekundu. Mabakuli ya njano hayakuwa nayo. Yalikuwa na alama nyingine, duara lenye namba ndani yake, na chini yake maandishi nisiyoweza kusoma, na haikupakwa juu bali ilikuwa imekandamizwa ndani ya udongo wenyewe. Nilipitisha kidole. Nikafikiri: huyu mwanamke mwenye alama hii hakutaka mchezo na vyombo vyake. Na vyombo vyake viko hapa.

Nikaelewa yote, au ndivyo nilivyodhani. Nkambo wangu alikuwa anabakiza vyombo vya kilio. Hakuna wizi mbaya kama ule, kumwibia mtu wakati amekuja kukusaidia kulia. Ndiyo sababu hakuna aliyekula ndani yake, ndiyo sababu mlango ulifungwa. Kwamba nilikuwa nimeona kwa macho yangu tukilibadilisha kwa beseni, hilo halikunisaidia. Nilisema Mama Ngoie naye alikuwa amelibakiza, ndiyo maana alifurahi kuliondoa. Tangu siku ile, kila mwanamke aliyegonga mlango nilimwangalia mikono. Nilidhani ni yeye, amekuja kuchukua chake. Sikumwuliza Nkambo. Ningeuliza vipi? Sikuwa mtoto wa kuuliza hata mahali choo kilipo.

Kisha akafa Papa Mwepu, jirani wa nyumba ya tatu, fundi mzee aliyekuwa ananipa njugu. Asubuhi ile ile walikuja na kitoroli, wasichana wawili wakisukuma, na mbele yao Mama Prezida. Alikuwa kiongozi wa wanawake wa avenyu, mkubwa wa mwili, sauti yake imeshakauka kwa kulia.

"Nkambo, pole."

"Pole yetu wote."

Nkambo alitoa sahani, vikombe, vijiko, nyungu mbili. Mama Prezida alivihesabu kwa macho, akatazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Bado bakuli kubwa, Nkambo. Bantu bengi banatoka ku Kambove. Mboga tutatia wapi?"

"Zile ni za zamani," Nkambo akasema. "Ziko na ufa."

"Minye pia niko wa zamani, niko na ufa, lakini si niko hapa?"

Wasichana walicheka wakaziba midomo. Nkambo hakucheka. Alisimama mlangoni muda mrefu na nikaona kidole chake kikikwaruza fremu ya mlango. Kisha akaingia. Alikaa huko ndani mpaka Mama Prezida akaegemea kitoroli na kufumba macho. Alitoka na mabakuli matatu, moja ndani ya lingine, ameyakumbatia.

"Tia verni," Mama Prezida akasema, akatoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni.

"Hapana. Verni itaharibu ngozi yao. Zinajulikana."

Zinajulikana! Bila nukta nyekundu yatabaki na ile alama ya mwenyewe peke yake, na avenyu nzima itayapindua.

Siku za kilio nilikaa karibu na jiko la nje, si kwa huzuni, bali kulinda. Niliyaona mabakuli yakipita juu ya mikono ya watu. Kubwa lilibeba mboga ya lengalenga, la katikati samaki, dogo pilipili. Nkambo alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine na alilia kweli, alimpenda Papa Mwepu, lakini niliona jicho lake moja likilia na lingine likifuata mabakuli. Bukari, ugali wetu, ilipikwa, ikaliwa, ikapikwa tena. Watu walilala wakiwa wamekaa. Uchovu wa kilio una harufu yake, ya moshi na nguo zilizolaliwa, na mpaka leo nikiisikia mabega yangu yanashuka yenyewe.

Baada ya mazishi wageni walitawanyika, na wanawake wakabaki kuosha. Vyombo vyote vilisuguliwa kwa majivu na kupangwa kifudifudi juu ya mikeka, matumbo juani, ili kila mmoja apite akiwa ameinama na kuokota rangi yake.

"Bluu mistari mbili ni ya nani?"

"Ya Mama Odile. Alienda kunyonyesha, mumuwekee."

"Na hii roze? Nani alikuja ku kilio na verni ya ndoa?"

"Ni ya binti yangu, muniache na taabu yangu."

Mama Prezida alifika kwenye bakuli kubwa. Akaliinua, akasogeza tumbo lake karibu na macho. "Na hii alama ya duara?"

Nilifumba macho. Nilisikia maji yakidondoka kwenye bomba.

"Ah, njo ya fabrike," akasema. "Ku Amerika banaandikaka vile. Ya Nkambo, hii." Akaliweka pembeni, akaendelea na msalaba wa kijani.

Ndiyo ya fabrike, alama ya kiwanda tu. Hofu ya miezi yote ile ilikwisha kwa sauti ndogo namna ile, bila hata mtu kuniangalia. Nilitaka kulia na nilitaka kulala. Nilianza hata kutabasamu. Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa bombani alikuja na mikono inayochuruzika maji. Alikuwa Feza, mtoto wa dada wa mbali wa Papa Mwepu, aliyekuja kumlilia mjomba wake na kuosha vyombo kama mtu wa nyumba. Hakupindua bakuli la katikati. Hakuangalia alama yoyote. Aliingiza kidole chake mahali pale ukingo ulipokatika, kidole kikakaa sawasawa.

"Hii ni ya mama yangu," akasema.

Wanawake waliacha kuinama.

"Mama yako ni nani?" Mama Prezida akauliza.

"Mama Ngoie, wa njia ya Kamatanda."

Nkambo aliinuka kwa shida kutoka kwenye kigoda. "Ilikuwa yake, ni kweli. Tulibadilishana. Nilimupatia beseni mupya, alicheka yeye mwenyewe. Huyu mutoto alikuwepo."

Wote wakaniangalia. Nilitikisa kichwa kukubali.

"Ninajua," Feza akasema. "Aliniambia. Nilikuwa ku shamba ile siku. Beseni yako ilipasuka mbele ya mvua kuisha, Nkambo."

"Ungekuja kunambia. Ningekuletea ingine."

"Mama alikuwa anakufa, ile wakati. Ningekuja kuongea beseni?"

Hatukuwa tumejua kwamba Mama Ngoie amekufa. Nilimwona yule bibi akicheka na kushikana mikono, na kuku wake nyuma.

"Huu mudomo njo minye niliuvunja," Feza akaendelea, kidole bado ndani ya ule ufa. "Na mchi. Alinipiga muzuri. Kisha akanipakulia mboga mulemule, akasema kula, nisikuone tena unalia. Alipokufa, bandugu ya baba bakakuja, bakabeba bintu yote. Hata kitanda. Minye sina kintu ya mama, hata moja."

Mama Prezida alishusha pumzi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ilionekana angetoa chochote ili kesi hii isimwangukie leo. "Nkambo," akasema, "tuambie kweli. Hizi bakuli unafanyaka nazo nini? Haukulaka mule. Hauuzishe. Bantu banasema mengi, uko unajua. Bengine banasema unangojea bazungu barudie. Bengine banasema bibaya, siwezi kurudilia hapa."

Nkambo aliangalia mikono yake. Nilijua jinsi alivyochukia kusemwa, alikuwa mtu wa kujificha kama mimi.

"Ninaziangalia," akasema.

"Unaziangalia."

"Eeh."

"Kisha?"

"Kisha njo ile tu. Nikimaliza vitumbula, magoti inawaka, kichwa inawaka, ninaingia mule, ninafunga mulango, ninaziangalia. Ziko muzuri. Ile rangi. Na zinaingiliana bila sauti." Alisugua goti. "Nikichoka sana, njo ninaonaka vizuri."

Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye aibu vile. Ilikuwa kana kwamba kikwembe kimemvuka mbele ya avenyu nzima. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mama eh! Na shiye tulizania ni dawa!" na wote wakaangua kicheko, kile kicheko cha watu waliolia siku nyingi, kinachotoka chenyewe na hakirudi ndani. Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa vilemba. Nkambo naye akacheka kidogo. Feza hakucheka.

"Weye unaangalia bakuli," akasema, na wala hakuwa na ukali. "Minye nitaangalia nini?"

Hapo hakuna aliyesaidia. Mama Prezida aliangalia ardhi. Kwa desturi ya sahani, chombo ni cha mwenye alama, na lile halikuwa na verni ya mtu yeyote. Nkambo alikuwa na haki yake, alilipata mchana kweupe, kwa beseni mpya, mbele ya shahidi. Kama angelichukua na kuondoka, hakuna aliyeweza kumwita mwizi. Hata mimi, nilisimama pale nikiomba moyoni alichukue. Nilikumbuka ile njia ya Kamatanda na jua lake.

Alilichukua kutoka mikononi mwa Feza. Akalifuta kwa ncha ya kikwembe, nje na ndani, akapitisha kitambaa hata mahali pale palipokatika. Akaliingiza ndani ya kubwa. Akachukua dogo akaliingiza ndani yake. Kisha akainua yote matatu mbele ya wale wanawake na kuyatikisa, mara moja, polepole. Kimya. Nadhani alitaka wasikie.

Halafu akatoa dogo, akanipa mimi. Akatoa la katikati, akalishika kwa mikono miwili, akampa Feza.

"Usiwekee tena kuku maji."

"Siko na kuku, Nkambo."

"Basi muzuri."

Feza alipiga goti kidogo, kama tunavyofanya kwa wakubwa, akalifunga bakuli ndani ya kilemba chake. Mama Prezida aliinuka kwenye ndoo akasema kwa sauti kavu, "Haya, roze haijachukuliwa bado, mwenye roze iko wapi?" na wanawake wakainama tena.

Tulirudi nyumbani, nyumba tatu tu, lakini Nkambo alipumzika mara mbili. Alibeba kubwa na mimi dogo. Alipofika aliyaweka juu ya ubao, yakiwa mbalimbali, nafasi katikati yao. Hakukaa kuyaangalia. Alienda moja kwa moja kitandani, akalala na kilemba chake, na mlango wa chumba cha nyuma akauacha wazi nyuma yake.

Niliingia. Nilikuwa sijawahi kukaa mle peke yangu. Niliketi sakafuni mahali alipokuwa anakaa yeye, pale sakafu ilipokuwa laini kuliko kwingine, nikayaangalia. Mwanga ulishuka kutoka tundu la bati ukatua juu ya ukingo wa bakuli kubwa ukafanya kama mwezi mdogo. Mstari wa bluu ulizunguka ukapotea nyuma. Inzi alitembea juu ya kifuniko cha peasi. Niliangalia kwa nguvu, kama unavyoangalia televisheni umeme ukiwa umekatika, ukitumaini itajiwasha. Shingo ikaanza kuuma. Nje mtu alikuwa anafagia kilio cha Papa Mwepu, majivu na maganda.

"Uko mule?" Nkambo akauliza kutoka kitandani.

"Niko."

"Unafanya nini?"

"Ninaangalia."

"Unaona nini?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu, maana nilitaka jibu langu limfurahishe. "Bakuli, Nkambo."

Nilisikia kitanda kikilia alipogeukia ukutani.

"Njo vile," akasema. "Haujachoka bado."